Niliiripoti Sauti Yake Kama Hitilafu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usifike katikati ukaanza kunitafutia sababu. Mimi mwenyewe nimejitafutia nyingi, na hakuna hata moja iliyosimama.

Nilimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwa amenikosea lolote. Nikaiaibisha sauti yake mbele ya watu, kwa maandishi mazuri, yenye nukta na mikato mahali pake. Kwa kufanya hivyo nikawanyamazisha watu wengi ambao sikuwa nimewalenga. Mmoja wao nakula naye meza moja kila siku.

Nitakueleza polepole. Kueleza polepole ndiyo tabia yangu, na utaona jinsi ilivyoniponza.

Naishi Mogogosiek, karibu na kiwanda cha chai. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, na mimi nikazaliwa kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Kila mlango ulikuwa na kabila lake, kwa hiyo sisi watoto tulikutana kwenye Kiswahili. Shuleni mwalimu akitaka kifungu kisomwe vizuri, aliniita mimi mbele. Mtu akisifiwa kwa jambo moja tangu utotoni, huja akaliona kama shamba lake, akaliwekea ua. Kumbuka huo ua, tutaurudia.

Nina saiba ndogo hapa sokoni, kibanda cha kompyuta na mtandao. Watu wanakuja kuchapisha, kujaza mambo ya serikali, na mara nyingi kuuliza tu. Sichoki kuulizwa. Nikimwona mtu mzima anaogopa simu yake mwenyewe, ninavuta kiti, ninamwambia, "Hakuna kitu utaharibu, bonyeza." Ndiyo maana wananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa.

Rafiki yangu Kiprono, niliyesoma naye tangu shule ya msingi, ana duka la kutengeneza simu mjini Kericho. Kwa miaka kadhaa, wateja wakipungua, alikuwa akitengeneza gemu ya simu. Peke yake, kwenye kompyuta ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na gundi. Gemu inaitwa Majani Mawili.

Ukiicheza, uko kwenye mteremko wa chai na kikapu mgongoni. Mvua inakuja kutoka upande wa msitu wa Mau, na lori la kiwanda liko njiani. Unachuma majani mawili na kichipukizi chake, basi. Ukishindilia majani kwenye kikapu yanapata joto, yanageuka rangi, na karani wa kituo cha kupimia anayakataa. Ukigusa shina ambalo halijawa tayari, sauti inakwambia usubiri. Mtu wa kwetu anaielewa hii gemu kabla hujamaliza kumweleza.

Lakini gemu ambayo haijaisha haiuziki. Inahitaji watu wa kuicheza ingali mbovu, wakwambie wapi imekwama, na wasichoke kurudi. Siku moja Kiprono alikuja saiba, akakaa kwenye benchi kama mteja.

"Mwalimu, kutengeneza najua," akasema. "Kuongea na watu ndiyo sijui. Nitafutie watu."

"Watu wa aina gani?"

"Watu ya kukaa. Sitaki wale wa kuchungulia na kwenda."

Nikafungua grupu kwenye simu, na nikaanza kutafuta watu wa kukaa. Niliwapata mmoja mmoja: wakulima, waendesha bodaboda, walimu wawili, wanafunzi wa chuo waliorudi nyumbani. Kila aliyeingia nilimpigia simu mwenyewe, nikamwongoza mpaka gemu ikafunguka. Niliwafundisha pia kuripoti hitilafu. Niliwaambia, sema mambo matatu tu: ulifanya nini, ulitarajia nini, na kimetokea nini. Nililipenda sana hilo neno, kutarajia. Nilihisi linaifanya grupu yetu ionekane ya watu makini.

Wengi hawakupenda kuandika. Walituma sauti. Asubuhi ningefungua saiba na kukuta "Chamgei" zimejaa, mtu akisalimia huku ng'ombe wanalia nyuma yake. Kulikuwa na mzee wa Sigowet tuliyemwita Baba Kibet, ambaye ripoti zake zilikuwa kama hadithi.

"Mwalimu, mimi nimechuma vizuri," alisema mara moja. "Nikafikiri ile ng'ombe itanipisha njiani. Lakini imeingia mto, na inatembea juu ya maji kama ile ya Biblia. Kiprono, usiitoe hiyo. Wacha tu itembee."

Kiprono aliiacha. Ng'ombe wa Baba Kibet anatembea juu ya maji mpaka leo.

Na ile sauti iliyokuwa ikisema usubiri ilikuwa yangu. Niliirekodi chini ya blanketi ili mvua kwenye mabati isisikike. "Bado kidogo." Maneno mawili tu, lakini niliyarudia mpaka mke wangu akauliza kama naomba. Kila mtu aliyegusa shina changa, kutoka Kimulot mpaka Sigowet, alinisikia mimi. Sikumwambia mtu jinsi nilivyolifurahia hilo.

Kisha akaja Chelangat.

Ana saluni Kimulot. Alikuja saiba kuchapisha bango la mitindo ya nywele, akaona watu wanacheza, akataka na yeye. Nikamwekea gemu. Simu yake ilitoa onyo kwamba faili si salama, akarusha mikono.

"Usiogope," nikamwambia. "Simu ni kama mbwa wa jirani. Inakubwekea kwa sababu haijakuzoea. Bonyeza hapo."

Akacheka. "Mwalimu, wewe ungekuwa daktari ya meno, watu wangekuja hata kama hawaumwi."

Nilimpenda siku hiyo hiyo, kama unavyompenda mwanafunzi anayecheka wakati unaotakiwa. Akarudi Kimulot, na wateja wake wakaanza kuicheza wakiwa wamekaa chini ya draya ya kukaushia nywele. Akawaleta kwenye grupu mama kwa mama, na kila alipomleta mmoja alisema, "Huyu Mwalimu ndiye alinifundisha."

Siku moja akatuma sauti. Draya inavuma, wanawake wanacheka, na yeye anamkataza mteja aliyegusa shina ambalo halijakomaa. "Pato kidoko, mama. Hiyo ni mtoto, wacha ikue."

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mtu aliyelelewa kwa lugha ya Kipsigis huenda akachanganya b na p, d na t, g na k, kwa sababu lugha yake haizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Haina uhusiano wowote na akili wala shule. Ni alama ya nyumbani, kama mimi nisivyoweza kuficha Ukisii wangu nikikasirika. Nililijua hilo vizuri na ningeweza kumweleza yeyote. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Maneno mengine ya watu humu nimeyaandika kama yanavyoandikwa shuleni. Nimeshaandika vya kutosha kuhusu jinsi watu wanavyotamka.

Grupu ililipuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu kusikia jina lake likiitwa mahali ambapo hakutegemea. Baba Kibet akajibu "Pato kidoko" kwa sauti yake nzito. Walimu wakajibu. Mtu akamuuliza Kiprono gemu itaisha lini, naye akatuma maneno hayo hayo. Kufikia jioni yalikuwa salamu yetu.

Mimi pia nilicheka. Nilicheka kweli, siku hiyo.

Toleo lililofuata la gemu nililifungulia saiba, mteja akiwa pembeni yangu, kwa sababu nilikuwa nataka kumwonyesha. Nikagusa shina changa makusudi ili anisikie. Akasikika Chelangat. Na draya nyuma yake.

"Hii ndiyo yenyewe," mteja akasema, akicheka.

Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta viti vimepangwa upya. Nikatoka nje, nikampigia Kiprono.

"Sauti yangu iko wapi?"

"Iko. Nimeweka tu kando. Umesikia ya Chelangat? Manze, nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa."

"Ungeniambia kwanza."

"Nilijua utafurahi," akasema. "Si ni wewe ulimleta?"

Nikasema ndiyo, nimefurahi. Hapo ndipo ningeweza kuyamaliza haya yote. Ningesema tu, Kiprono, imeniuma. Sikusema.

Baada ya hapo kila kitu kilinichoma. Vijana walikuja saiba kwangu, ambako grupu ilizaliwa, wakasema, "Mwalimu, tuwekee ile gemu ya Pato Kidoko." Walianza kumwita Chelangat Mama Pato. Wateja wake walifundishana wenyewe kuiweka gemu, bila kunipigia simu, na nikaona ni kama wameuvunja ule ua wangu wakaniibia. Kiprono akamfanya msimamizi wa pili wa grupu. Yeye akanipigia simu kuniuliza, kwa heshima, "Mwalimu, hawa wapya niwaambie nini kwanza?" Nikamweleza vizuri, hatua kwa hatua, huku moyo wangu ukiwa kama mkaa.

Ujumbe wake nikawa nausikiliza mpaka mwisho, lakini si kwa ajili ya alichosema. Nilikuwa nawinda. Nilikuwa nasubiri p ikae mahali pa b. Alikuwa akieleza watu jinsi ya kumzunguka ng'ombe, na mimi sikusikia ng'ombe wala njia.

Nilikuwa na laini ya pili ya simu, niliyokuwa naitumia kujaribu mambo ya grupu, kuona mgeni akiingia anaona nini. Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga mabati, stima imepotea, na hakukuwa na mteja. Chelangat alikuwa ametoka kutuma sauti nyingine na watu walikuwa wanaishangilia. Nikabadilisha jina la laini ile. Nikajiita Msikilizaji, nikaandika kwamba niko Nairobi, na nikaingia.

Nikaandika hivi:

"Habari zenu. Naripoti hitilafu. Nimegusa shina ambalo halijakomaa. Nilitarajia kusikia 'bado kidogo'. Nimesikia 'pato kidoko'. Gemu ni nzuri, ila sauti hii itawafanya watu wa nje wafikiri kwamba huko kwenu Kiswahili hakijafika. Tafuteni mtu anayejua kutofautisha b na p."

Nikaisoma upya. Kulikuwa na mkato mahali ambapo haukutakiwa, nikautoa. Nataka ujue hilo. Nilikuwa na muda wa kusahihisha mkato, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuacha. Nikatuma.

Vijana wawili wakaweka nyuso za kucheka. Mmoja akaandika, "Ni ukweli, tunaonekana washamba." Mwingine akaanza kuandika maneno ya Chelangat kwa kuyapotosha, moja baada ya lingine. Niliona kwamba Chelangat amesoma. Hakujibu.

Kisha nikafanya jambo ambalo naliona baya kuliko lile la kwanza. Nikarudi kwenye laini yangu ya kila siku, kama Mwalimu, nikaandika, "Jamani tusibishane, kila maoni ni muhimu." Watu wakanishukuru kwa hekima yangu.

Nilidhani itakuwa ni kati yangu na yeye. Nilidhani atanyamaza kidogo, sauti yangu irudi, na maisha yaendelee.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na "Chamgei" hata moja. Nikafikiri mtandao una shida. Baadaye Baba Kibet akaandika. Hakutuma sauti, aliandika, mzee wa watu ambaye vidole vyake ni vya jembe. "Nimecheza. Iko sawa." Hakukuwa na hadithi. Wengine nao wakawa wanaandika hivyo hivyo, maneno mawili, matatu, kisha wanatoka. Mama mmoja wa Kimulot niliyemwomba anitumie sauti anielezee tatizo lake alijibu, "Mic imeharibika." Nilikuwa nimeongea naye siku iliyopita.

Nikueleze kilichotokea, maana mimi mwenyewe nilichelewa kukielewa. Mle kwenye grupu karibu kila mtu alitamka kama Chelangat. Nilipomchora mmoja, wote walijiona kwenye picha.

Mke wangu alikuwa kwenye grupu pia. Nimwite Mama Brenda. Ni Mkipsigis wa hapa hapa Konoin, na alikuwa anaicheza gemu akingoja maziwa yachemke. Jioni hiyo, akipakua ugali, akaniuliza bila kuniangalia.

"Baba Brenda, umeona ile ya Msikilizaji?"

"Nimeona."

"Mimi pia nasemanga hivyo?"

Nikaangalia mboga. "Hapana," nikasema. "Wewe unasema vizuri kabisa."

Akaweka mwiko chini. "Basi umekaa na mimi miaka yote hii na hujawahi kunisikia."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika. Jumapili ilikuwa zamu yake ya kusoma matangazo kanisani. Alimpa mwenzake karatasi, akakaa. Nilimwona mdomo wake ukifuata maneno bila kutoa sauti. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wanaume, nimevaa koti langu safi, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi niliyemkalisha.

Hata hapo sikukiri.

Baada ya siku chache Chelangat alimwomba Kiprono aitoe sauti yake. Kiprono akanipigia. "Hataki tena," akasema. "Nimembembeleza, amekataa. Mwalimu, nirudishe ile yako?"

Nitakwambia ukweli, kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Nilifurahi. Kwa muda mfupi kama wa kumeza mate, lakini nilifurahi.

Kulikuwa na sehemu moja ya gemu iliyobaki, ile ambayo Kiprono alikuwa ameiwekea moyo wake tangu mwanzo. Ni kituo cha kupimia chai. Unafika na kikapu chako na kunatakiwa kuwe na watu: akina mama wakipiga soga, karani akifoka, mtu akisifu ng'ombe wake, mwingine akilalamikia barabara. Aliniambia tangu siku ya benchi kwamba kituo kikiwa kimya, gemu imekufa. Alikuwa anangoja watu wa grupu wampe sauti zao. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kuwa na watu wa kukaa.

Akawaomba. Akawaomba tena. Wakaweka dole gumba kwenye ujumbe wake, na hakuna aliyetuma hata neno.

Basi Jumapili moja mchana tukajifungia dukani kwake, mimi na yeye. Wazo lilikuwa langu. Nilisema ningeweza kufanya sauti zote. Nikawa karani, nikawa mama, nikawa kijana, nikawa mzee.

"Huyu mama anapima chai ama anasoma habari?" Kiprono akauliza.

Nikajaribu tena. Nikajaribu kutamka kama wao. Fikiria, nikiwa peke yangu na rafiki yangu, nikisaka ile p niliyoikataa. Ikatoka kama dhihaka. Kiprono hakucheka.

"Wacha," akasema. "Ngoja nitafute zile za zamani kwa grupu, nikuonyeshe vile wanaongea."

Akawa anapandisha ujumbe juu kwa kidole, taratibu. Akafika kwenye ile ripoti. Akaisoma kimya. Akaisoma tena, mara hii kwa sauti, na alipofika kwenye neno moja akasimama.

"Nilitarajia," akasema. Akaniangalia. "Mwalimu, kwa hii grupu yote, ni nani anaandika nilitarajia?"

"Niliwafundisha wote," nikasema.

"Uliwafundisha, eeh. Na wote wanasema nilifikiri. Hakuna mtu alishika hilo neno lako. Wewe peke yako ndiye unatarajia."

Nje watu wa kanisa walikuwa wanapita wakiimba. Nilitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani Kiswahili kikanikataa.

"Ungesema tu unataka sauti yako ibaki," Kiprono akaendelea. Alikuwa anaongea na meza zaidi kuliko na mimi. "Ningeacha zote mbili. Kwani shamba huwa na shina moja?"

Akazima kompyuta. Halafu akaniambia jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. "Tukiwa darasa la tano, nilisoma mbele, ukanisahihisha neno moja na watu wakacheka. Unakumbuka? Tangu hiyo siku mimi ni mtu ya kompyuta. Ndiyo maana nilikutuma wewe kwa watu."

Nilienda Kimulot kesho yake. Chelangat alikuwa anamwosha mama mmoja nywele. Nikasimama mlangoni, nikamwambia yote, mbele ya yule mama mwenye povu kichwani, kwa sababu niliona nikingoja tuwe wawili nitapata nafasi ya kupunguza.

Aliendelea kuosha. Aliosha mpaka povu lote likaisha.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulinifundisha simu polepole, mpaka nikajua. Kama sauti yangu ilikuwa na shida, si ungenipigia unifundishe polepole? Ningeshika."

"Haikuwa na shida," nikasema. "Shida ilikuwa mimi."

"Eeh," akasema. "Hiyo sasa ndiyo hukuripoti."

Akamfunga mama taulo, akamwambia kitu kwa Kipsigis, na yule mama akajibu kwa Kipsigis. Miaka yangu yote hapa, na sikukamata ila neno moja au mawili. Wakaendelea kuongea hivyo. Hawakunifukuza. Walinipa hata kiti. Lakini hakuna neno lingine la Kiswahili lililosemwa mle ndani mpaka nikaaga. "Kongoi," nikasema, asante ya kwao, kwa matamshi mabaya. Hakuna aliyenisahihisha.

Mke wangu nilimwambia jioni ile. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Ulikuwa umekaa wapi ukiandika?" Nikamwambia, saiba. Akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo kwa muda mrefu alinijibu kwa vichwa vya habari: chakula kiko tayari, mvua inakuja, mtoto amelala.

Kwenye grupu nilikiri pia, kwa sauti, si kwa maandishi. Wachache walijibu. Baba Kibet aliweka dole gumba. Kijana mmoja kati ya wale waliocheka alitoka.

Gemu imeshatoka. Ni gemu nzuri, na ukiipata, icheze. Sauti inayosema usubiri ni yangu, safi, b na d mahali pake. Chelangat alikataa kurudisha yake, kwa upole, na Kiprono hakumsukuma. Kituo cha kupimia kina watu wanaosogeza midomo, na kinachosikika ni mvua tu. Watu wa mbali wamesifu, wanasema ni ubunifu. Kiprono ananisalimia, tunakunywa chai. Lakini hajawahi tena kuniambia nimtafutie watu.

Wiki iliyopita nilipita kituo cha kununulia chai, kile cha kweli, wakati akina mama wanangoja lori. Wengi walikuwa wameshika simu, wanacheza Majani Mawili. Nikasimama nyuma yao niisikie sauti yangu. Sikusikia kitu. Wote walikuwa wamezima sauti. Na kila mmoja alipogusa shina changa, alijisemea mwenyewe, taratibu, "Pato kidoko," na jirani yake akacheka.

Ndugu yangu unayesoma, labda wewe nawe ni wa kwanza katika jambo fulani. Labda ni kwaya, chama, darasa, au duka ulilolianza na kuleta watu mmoja mmoja. Siku itakuja mtu uliyemleta mwenyewe apendwe kuliko wewe. Itauma, wala sitakudanganya kwamba haiumi. Mwambie rafiki yako kwamba imekuuma, siku hiyo hiyo, kwa maneno mabovu yoyote utakayopata. Usingoje ikomae ndani yako mpaka iweze kuandikwa vizuri. Na usiguse jinsi mtu anavyoongea. Ukimcheka mmoja kwa ulimi wake, wenye ulimi kama wake hawatakuja kukushtaki. Watanyamaza tu, na wewe utabaki ukisikika peke yako.

Jana Mama Brenda alikuwa jikoni anangoja maziwa, simu mkononi, sauti imezimwa. Nikakaa karibu. Nikamuuliza kama ameshanisamehe.

Aligusa shina, akalitazama, akaliacha.

"Pato," akasema.

Nikangoja. Nilikuwa nimejifunza kungoja.

"Kidoko," akasema, akaepua maziwa.